Unyevu na Sakafu za Nyumba Shinyanga na Geita: Chanzo Kitafutwe Kabla ya Marekebisho

Mikoa ya Shinyanga na Geita imo katika Ukanda wa Ziwa Viktoria, ambao kwa mgawanyo wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka: Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na Masika, kuanzia Machi hadi Mei. Ni katika misimu hiyo ambapo sakafu iliyoonekana imara wakati wa kiangazi huanza kuvimba, kuachia viungo au kutoa harufu ya ukungu.

Gharama ya kung’oa sakafu na kuweka nyingine ni mzigo kwa familia, na hulipwa mara mbili pale kilichoharibika kinapobadilishwa bila kuzuia maji yaliyokiharibu. Kwa sababu hiyo, mwananchi anayejenga au anayekarabati anapaswa kwanza kujua maji yanaingilia wapi, kisha ndipo achague aina ya sakafu na namna ya kuitengeneza.

Kwa nini lamineti huathirika zaidi

Sakafu ya lamineti ina mwonekano wa mbao, lakini si mbao halisi. Juu ina utando mgumu na picha ya mbao. Katikati ina nyuzi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na gundi na kugandamizwa. Utando wa juu hustahimili mikwaruzo na maji machache yanayofutwa mapema. Sehemu ya katikati hunyonya maji yanayopenya kwenye viungo au yanayopanda kutoka chini. Ikishavimba, hairudi katika unene wake wa awali hata ikikauka, wala haiwezi kupigwa randa kama ubao wa mninga.

Hali ya hewa ya Shinyanga huongeza ugumu wa jambo hili. Kuanzia Juni hadi Septemba hewa huwa kavu, na mbao husinyaa. Mvua zinapoanza, mbao hizo hutanuka. Sakafu iliyowekwa kiangazi na kubanwa hadi ukutani hukosa nafasi ya kutanukia, hivyo huinuka katikati ya chumba. Mwenye nyumba huweza kudhani kuwa bomba limepasuka, kumbe kosa lilifanyika siku ya kuiweka.

Udongo nao hutanuka

Wakulima wa Usukumani wametambua aina za udongo wao kwa majina tangu zamani. Luseni ni udongo wa kichanga wa sehemu za miinuko, na hupitisha maji haraka. Itogolo huwa na tabaka gumu chini ya uso wa ardhi, ambalo huzuia maji kushuka. Mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni. Huvimba unapolowa na kupasuka nyufa pana unapokauka.

Maarifa hayo ya shambani yana manufaa pia kwenye ujenzi. Nyumba iliyo juu ya luseni kwa kawaida hupata unyevu mdogo kutoka ardhini. Iliyo juu ya itogolo huweza kuzungukwa na maji yaliyotuama chini kidogo ya uso wa ardhi. Iliyo juu ya mbuga hukabiliwa na mambo mawili kwa pamoja: udongo hushika maji kwa muda mrefu, na kutanuka na kusinyaa kwake huweza kupasua jamvi na mabomba yaliyofukiwa. Katika eneo kama hilo, ushauri wa mhandisi kabla ya kuchimba msingi ni wa lazima.

Hatua za kinga wakati wa ujenzi

Kinga huanzia nje ya nyumba. Paa lenye eneo la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 hukusanya takriban lita 5,000 za maji. Yasipopokelewa na mifereji na kupelekwa kwenye tangi au mtaroni, maji hayo yote huangukia kandokando ya msingi. Ardhi inayozunguka nyumba iwe na mteremko wa angalau sentimita 5 kwa kila mita, ukielekea mbali na ukuta, na usawa wa sakafu uwe juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 15 au zaidi.

Ndani ya msingi, juu ya kifusi na mawe yaliyoshindiliwa, hutandikwa nailoni nzito kabla ya kumwaga zege la jamvi. Vipande vya nailoni vipishane, na visitobolewe na kokoto wala viatu vya mafundi. Ukutani huwekwa tabaka la kuzuia maji yasipande kwenye matofali. Hatua hizi mbili hugharimu kidogo zikifanyika kwa wakati wake. Kuzirudia baada ya nyumba kuezekwa ni kazi ngumu na ya gharama kubwa.

Zege nalo linahitaji muda. Kugumu kwake si sawa na kukauka kwake. Kwa makadirio ya kawaida ya ujenzi, zege hukauka kwa takriban milimita moja kwa siku, na kasi hiyo hupungua linapokuwa nene au hewa inapokuwa na unyevu. Jamvi la milimita 100 hivyo huhitaji zaidi ya miezi mitatu. Katika miji inayokua kwa kasi kutokana na shughuli za madini, kama vile Kahama na Geita, haraka ya kuhamia au kupangisha huweza kumfanya mwenye nyumba afunike zege lingali na maji.

Kuna kipimo rahisi cha kujiridhisha. Kipande cha nailoni angavu chenye upana wa nusu mita kila upande hubandikwa sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote na kuachwa kwa saa 24. Matone yakionekana chini yake, au zege likigeuka jeusi, sakafu bado ina unyevu. Kutoonekana kwa matone si uthibitisho kamili, hivyo kwa kazi kubwa fundi atumie kifaa cha kupimia unyevu.

Lamineti yenyewe ikae ndani ya chumba husika kwa saa 48 kabla ya kuwekwa, itandikiwe nailoni na tabaka laini, na iachiwe nafasi ya milimita 8 hadi 10 kutoka ukutani, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Haifai bafuni. Kwa nyumba zilizo mabondeni, marumaru au sakafu ya simenti ni chaguo salama zaidi.

Sakafu ikishaharibika

Mahali pa uharibifu huonesha chanzo. Uvimbe karibu na sinki au bafu huelekeza kwenye bomba. Karibu na mlango au dirisha, kwenye mvua. Uvimbe uliotapakaa chumba kizima, pamoja na unga mweupe wa chumvi sehemu ya chini ya ukuta, huashiria unyevu unaopanda kutoka ardhini.

Chanzo kikishazibwa, mbao hufunguliwa kuanzia ukuta ulio karibu na eneo lililoharibika. Zilizovimba hutupwa, na tabaka laini lililolowa hubadilishwa. Zege huachwa wazi, madirisha yakifunguliwa hewa ya nje inapokuwa kavu, hadi kipimo cha nailoni kirudiwe na kuonesha kuwa limekauka. Ndipo mbao mpya huwekwa. Ni busara kuhifadhi boksi moja la ziada tangu siku ya ununuzi, kwa kuwa rangi ileile huenda isipatikane baadaye.

Ukungu usipuuzwe, hasa palipo na watoto au wagonjwa wa pumu. Usafishwe kwa maji na sabuni, anayesafisha akiwa amevaa glovu na barakoa. Dawa yenye klorini isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Tahadhari hii inazihusu pia nyumba zisizo na lamineti. Zulia la plastiki lililotandikwa juu ya simenti yenye unyevu huficha tatizo bila kuliondoa. Linapaswa kuinuliwa mara kwa mara, na sakafu ikaguliwe.

Wananchi wanashauriwa kupata kibali cha ujenzi na kumwona mhandisi wa halmashauri kabla ya kuanza kazi, kununua vifaa vyenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kudai risiti, na kufuatilia utabiri wa TMA ili mifereji na mitaro iwe tayari kabla ya mvua za kwanza.