Ukinunua ploti katikati ya mwaka, kodi ya kaunti ni ya nani?

Wengi wetu tunaouza mtandaoni, faida ikianza kuonekana, kitu cha kwanza tunachokimbilia ni ploti. Sawa kabisa. Lakini kuna swali naona watu hawaulizi mpaka wakwame: kodi ya ardhi ya kaunti, ile ya kila mwaka, nani anailipa mwaka ambao ploti imeuzwa?

Kawaida ya hapa Kenya ni kugawana kwa siku. Muuzaji anabeba mpaka siku ya kukabidhi, mnunuzi anaanzia hapo. Tuseme kodi ni shilingi 12,000 kwa mwaka, muuzaji alishalipa yote, na mnakamilisha Septemba 30. Gawa 12,000 kwa siku 365, ni 32.88 kwa siku. Zimebaki siku 92 mwaka uishe, kwa hivyo unamrudishia kama 3,025. Usiseme anakuibia, hizo siku ni zako.

Hizo ni pesa ndogo. Uchungu uko kwa deni la nyuma. Bila cheti cha kaunti kinachoonyesha ploti haidaiwi, msajili wa ardhi hatakubali hati iandikwe jina lako. Sasa fikiria umeshamaliza kulipa bei yote, muuzaji hashiki simu, ndio unaambiwa kuna deni la miaka sita pamoja na riba. Utalilipa wewe, kama unataka hati.

Kwa hivyo kabla hujatoa hata malipo ya kwanza, chukua nambari ya ploti uulize kaunti inadai ngapi. Halafu iandikwe kwenye mkataba: ama muuzaji amalize madeni na alete cheti, ama deni likatwe kwenye bei na wakili alipeleke kaunti moja kwa moja. Ni kama gharama ya kutuma mzigo. Usipoandika kwa tangazo ni ya nani, mtabishana mlangoni mtu wa boda akingoja.

Kuna kodi ambazo hazigawanywi. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na huo uuhesabu mapema kwa sababu si pesa kidogo. Kodi ya faida inayotozwa na KRA ni ya muuzaji: tangu Januari 2023 ni asilimia 15, kutoka 5. Ni ya faida, sio ya bei yote. Muuzaji akikuambia "hiyo tutasaidiana," mimi ningekataa, labda ateremshe bei.

Na kama ploti ni ya mkataba wa miaka kadhaa na serikali, kuna kodi ya pango la ardhi pia. Hiyo mnagawana kwa siku vilevile, lakini ina cheti chake, kwa hivyo kile cha kaunti peke yake hakitatosha.