Unga Ndio Chanzo cha Uimara wa Kauri

Mfinyanzi huujua ubora wa chungu tangu udongo ungali mkononi mwake. Wataalamu wa kauri za mitambo nao hufuata kanuni hiyo, ila udongo wao ni unga uliotengenezwa viwandani, ambao chembe zake mara nyingi huwa ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita.

Tuchukue mfano wa nitridi ya silikoni, itumikayo kutengenezea golori za beringi na ncha za kukatia vyuma. Dutu hii haiwezi kuyeyushwa na kumiminwa kalibuni kama chuma, kwani joto likizidi huvunjika na kutoa gesi ya naitrojeni. Kwa hiyo unga wake hushindiliwa, kisha huchomwa ndani ya gesi hiyo kwa joto la nyuzi 1,700 hadi 1,800 za Selsiasi. Huchanganywa na kiasi kidogo cha oksidi ya magnesi au ya itriamu. Oksidi hiyo huungana na silika iliyotanda juu ya chembe, ukatokea umajimaji unaozivuta chembe pamoja na kuziba mianya.

Hapo ndipo asili ya unga hudhihirika. Nitridi hii ina maumbo mawili ya fuwele, alfa na beta. Katika joto hilo alfa hupotea ndani ya umajimaji kama chumvi majini, kisha hujijenga upya ikiwa beta, kwa fuwele ndefu mithili ya vijiti. Unga wenye alfa nyingi na mbegu chache za beta huziachia fuwele nafasi ya kurefuka na kupandana. Unga wa beta tupu una mbegu tele; kila moja hubanwa na jirani yake, na punje hubaki fupi.

Katika kauri ya punje fupi ufa hupita kwa wepesi, na kifaa hupasuka ghafla. Penye vijiti, ufa hulazimika kupindapinda, na vijiti vinavyokatiza njia yake huzizuia kingo zake zisiachane. Vipimo alivyochapisha F. F. Lange, wa Marekani, mwaka 1973 vilithibitisha ubora wa unga wa alfa.

Lakini kijiti kikikua kupita kiasi, chenyewe huwa kasoro ambamo ufa huanzia. Tena unga wenye uchafu wa kalsiamu, hata ukiwa wa alfa, hutoa kauri ambayo kioo kilicho baina ya punje zake hulainika mapema kifaa kinapopata moto.