Watoto watatu wa ziwa gani?

Kwa kazi ya muhula huu juu ya picha na maelezo yake, nilichagua picha ambayo mimi, mzaliwa wa Kalemie, niliihesabu kuwa ya kwetu. Vijana watatu wametupa mgongo, wanakimbilia mawimbi. Miili ni vivuli vyeusi, povu ni jeupe. Aliipiga Martin Munkácsi, Mhungaria aliyefanya kazi Berlin, yapata mwaka 1930. Vitabu vingi vinaiita picha ya watoto wa Ziwa Tanganyika.

Ili kuielewa, turudi nyuma kidogo. Tangu miaka ya 1880 hadi Vita ya Kwanza ya Dunia, wapigapicha wa Ulaya na Marekani waliotaka kazi yao ihesabiwe kuwa sanaa waliiga uchoraji: walilegeza ukali wa lenzi, wakapaka dawa karatasini kwa brashi, wakatafuta ukungu. Ndio wapiktorialisti. Watoto na maji viliwafaa sana. Mwaka 1886, Frank Meadow Sutcliffe aliwapiga wavulana wakicheza katika bandari ya Whitby, Uingereza: mchezo, lakini mchezo uliopangwa.

Kwa Munkácsi hakuna ukungu wala kutulia. Henri Cartier-Bresson alipoiona picha hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1930, alishangaa kwamba kamera inaweza kunasa kitambo kama kile, na aliisifu hadi uzeeni.

Shida ni kwamba waandishi wengine wanasema ilipigwa Liberia, baharini. Nilitaka kulitetea ziwa letu. Anayedhani ziwa halina mawimbi ya namna ile aje Kalemie mwezi wa saba, upepo wa kusini ukivuma, aone mitumbwi inavyovutwa nchi kavu. Lakini hoja hiyo inaonyesha tu kwamba picha ingeweza kuwa ya kwetu.

Heinrich Kühn, mpiktorialisti wa Innsbruck, aliwapiga watoto wake mwenyewe, na majina yao tunayo: Walther, Edeltrude, Hans, Lotte. Hawa watatu hawana majina, na hata maji yao yanagombaniwa.

Mwishowe niliandika chini ya picha: “Vijana watatu wakikimbilia maji, Afrika, yapata 1930.” Mwalimu alikata neno “Afrika” kwa kalamu nyekundu, akauliza pembeni kama chini ya picha ya Kühn ningeandika “Ulaya”.