Seva ya Majaribio Imepotea? Angalia Jina Kabla ya Nywila

Kama unaundia duka au chama mfumo wa kupokea malipo, huenda unafanya majaribio kwa mashine mbili: laptopu yako, na kompyuta kuukuu inayotunza hifadhidata ya MySQL. Jana zilikuwa sawa. Usiku stima ikapotea, asubuhi ikarudi, na sasa programu imekataa kuunganishwa. Wengi hukimbilia kubadilisha nywila. Pole pole, soma kwanza namba ya kosa:

- 2005: jina la seva halijulikani. Nywila hata haijaulizwa.
- 2003: namba imepatikana, lakini huko MySQL haijibu.
- 1045: umefika mlangoni ukakataliwa. Hapa ndipo tunaangalia nywila na ruhusa.

Jina hupoteaje?

Kompyuta hutafutana kwa namba. Jina kama *seva-majaribio* ni kama kumwambia mgeni "shuka stage ya 46 Kawangware, uliza kinyozi": atafika tu akipata wa kumwelekeza. Vijana wa Map Kibera walipoanza kuchora mtaa wao mwaka 2009, Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za mtandaoni, ilhali maduka na njia zilikuwepo siku zote. Seva yako pia ipo. Kinachokosekana ni maelekezo, ambayo hutoka kwenye faili ya hosts au kwa DNS.

Tena, rauta huazimisha namba. Stima ikirudi, seva iliyokuwa 192.168.1.20 inaweza kupewa 192.168.1.23, huku faili yako ikishikilia ile ya zamani.

Tunarekebisha hivi

1. Kwenye seva ya Linux andika `hostname -I` uone namba ya sasa.
2. Kwenye laptopu andika `ping seva-majaribio`. Je, namba ni ile ile? Usitegemee `nslookup` hapa, kwa sababu huuliza DNS peke yake na haisomi faili ya hosts.
3. Zikitofautiana, au jina lisipopatikana, fungua `/etc/hosts` ukiwa msimamizi (kwa Windows iko `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts`) uandike: `192.168.1.23 seva-majaribio`. Futa mstari wa zamani.
4. Ingia kwenye rauta, uitengee seva hiyo namba moja ya kudumu. Stima ikipotea tena, hutarudia kazi hii.

Ikiunganishwa lakini inajivuta, pengine MySQL nayo inatafuta jina la laptopu yako. Mpangilio wa `skip_name_resolve` huzuia hilo, ila ruhusa zako lazima ziandikwe kwa namba, si kwa jina.

Usithubutu hili

Usichukue jina la seva ya kazi halisi ukalielekeza kwenye mashine ya majaribio, hata kwa dakika tano. Ukisahau kulitoa, malipo ya mteja wa kweli yataandikwa kwenye kompyuta yako. Simu yake itaonyesha pesa imetoka, duka halitaona kitu, na mama wa watu ataambiwa alipe tena.

Bado umekwama? Tutumie namba ya kosa na jibu la `ping`. Nywila baki nayo, hatutakuuliza kamwe.