Ukikaripiwa, Ufanye Nini?

Ndugu zetu wa vikundi,

Katika kuwatembelea tumeona jambo moja linaloua vikundi vingi, na si ukame wala bei mbaya ya mahindi. Ni karipio. Mtu anakosea, anasemwa mbele ya wote, anakasirika, anaondoka na watu wake. Mkutano unaofuata wanakuja watu watano.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja, mwezi wa tatu, kikundi fulani cha akina mama kilikuwa kimechanga pesa za mbolea. Siku ya kununua, pesa hazikutosha. Mweka hazina alikuwa amechukua shilingi elfu nne kumpeleka mtoto hospitali, na hakumwambia mtu. Waliniita. Nilisimama nikamkaripia vikali, na yote niliyosema yalikuwa kweli. Yule mama akanyamaza, akajifunga leso yake, akaenda. Hakurudi, na pesa pia hazikurudi.

Nilipofika nyumbani nilifungua Waraka wa Pili kwa Wakorintho.

BARUA YA MACHOZI

Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili na watu wa makabila mengi, kama mpaka wetu ulivyo na Wasabaoti, Wapokoti, Wabukusu na wengine. Mtakatifu Paulo alifika huko karibu mwaka 50, akakaa mwaka mmoja na nusu. Alipoondoka, Wakristo waligawanyika makundi makundi, wakapelekana kortini, na hata kwenye chakula cha Bwana wengine walishiba huku wenzao wana njaa. Baadaye mtu mmoja alileta uchungu mkubwa zaidi. Paulo akawaandikia barua kali. Wataalamu wengi wanaona kwamba barua hiyo imepotea, lakini habari zake tunazo katika sura ya 2 na ya 7.

Tazama kwanza yule aliyekaripia. Anasema aliandika huku akilia. Alifika Troa, kazi ya Injili ilikuwepo, lakini moyo haukutulia kwa sababu Tito hakuwa amerudi na majibu. Akavuka kwenda Makedonia kumtafuta. Anakiri hata kwamba kwa muda alijuta kuituma barua ile. Mimi siku ile nililala usingizi mzuri. Hapo ndipo nilipojua nilikuwa na kasoro.

HUZUNI ZIKO MBILI

Tito alirudi na habari njema: Wakorintho walikuwa wamehuzunika, kisha wakabadilika. Paulo anaeleza kwamba kuna huzuni inayomrudisha mtu kwa Mungu, na kuna huzuni inayoua. Ile inayoua inauliza, "Ni nani huyo alinisema?" Ile ya kwanza inauliza, "Nimeharibu nini, na nitatengeneza namna gani?" Wakorintho hawakukaa wakilia tu. Walifanya bidii, wakalishughulikia lile kosa.

Lakini kuna sehemu ya pili, ambayo sisi huisahau. Katika sura ya 2 Paulo anawaambia kwamba adhabu aliyopewa yule mkosaji na wengi imetosha. Sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Naye Bwana Yesu, katika Matayo 18, ametupa utaratibu: kwanza nenda kwake mkiwa wawili tu, kisha na mashahidi, mwisho ndiyo mkutano. Mimi nilianzia mwisho.

MCHANGO ULIKAMILIKA

Wana-vikundi, hapa pana habari yenu kabisa. Mwaka uliotangulia Wakorintho walikuwa wameanza kuchanga pesa za maskini wa Yerusalemu, lakini kazi haikuwa imekamilika. Baada ya ugomvi kwisha, Paulo anawaomba wamalize. Tena hataki pesa zibebwe na mtu mmoja. Anamtuma Tito pamoja na ndugu wengine, ili asiwepo wa kuwashuku. Je, walitoa? Katika Warumi 15 anaandika kwamba watu wa Makedonia na Akaya walichanga kwa moyo, na Korintho uko Akaya. Karipio halikuvunja kikundi.

Basi nilikwenda kwa yule mama pamoja na mwenyekiti. Mara ya kwanza hakutoka nje. Mara ya pili nilimwambia, "Mama, nilisema kweli, lakini nilikusema vibaya." Akajibu, "Mwalimu, kosa ni langu, hiyo sikatai. Lakini mlango wa kurudi niliona mmeufunga." Baada ya mavuno alileta magunia mawili ya mahindi. Leo pesa za kikundi hushikwa na watu watatu, naye ni mmoja wao.

Kwa hiyo, ukikaripiwa, usijibu siku hiyo hiyo. Chuja maneno: ukali uache, ukweli uchukue. Sema kosa lako kwa jina lake, utaje na siku utakayolipa. Nanyi mliokaripia, mfuateni nyumbani kabla ya mkutano unaofuata.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Ni nani aliyeacha kuja kwetu baada ya kusemwa? Nani ataenda kumwona, na lini?
2. Sheria zetu zinasema mtu anaadhibiwa vipi. Je, zinasema anarudi vipi?
3. Pesa zetu zinashikwa na watu wangapi?