Bando au Antena: Mechi Moja, Watazamaji Wengi

Kabla ya kulinganisha bei, jibu hili kwanza: nyumbani kwako mko wangapi mnaoangalia mpira?

Video ya ubora wa kawaida kwenye simu hula takriban GB 1 kwa saa, na ya HD hufika GB 3. Mechi pamoja na mapumziko ni karibu saa 2. Mechi 3 kwa wiki, kwa wiki 4, ni GB 24 za ubora wa kawaida, au 72 za HD. Hiyo ni simu moja. Baba akiwa sebuleni, kijana chumbani na dada jikoni, wote wakifuatilia mechi ileile kila mmoja kwa bando lake, mnara wa simu unatuma nakala tatu, nanyi mnalipia tatu.

Wauzaji wa 5G husifia antena zake ndogo nyingi, mara nyingi 64, zinazomwelekezea mteja mawimbi badala ya kuyatawanya. Sifa hiyo ni ya haki, maana picha haigandi ovyo. Bando halipungui kuliwa, hata hivyo. Utaratibu wa 5G wa kurusha mkondo mmoja kwa wengi ulikamilishwa 2022, lakini nao una ugumu wake: nguvu ikigawanywa pande nyingi, kila upande hupata kidogo, na kasi hupangwa kwa kumfuata mwenye mawimbi hafifu kuliko wote.

Mnara wa televisheni hurusha mara moja tu, wawe watazamaji kumi au elfu kumi. Wewe unagharimia antena, waya, fundi na king'amuzi. TV yenye kipokezi cha dijitali cha DVB-T2 ndani haihitaji king'amuzi kwa chaneli za bure. Ukikaa mbali na mnara, chukua antena ya nje ya Yagi, ile yenye vijiti vingi. Vijiti hivyo hukusanya mawimbi ya upande mmoja, kwa hiyo upepo ukiigeuza, picha inaanza kukatikakatika. Busta isikuhadae: antena ikiangalia kusikofaa, busta hukuza kelele pia. Bondeni, mawimbi ya mnara yasikofika, hapo ndipo dishi linapostahili fedha yako.

Anayeangalia mechi moja kwa mwezi abaki na bando. Familia ifunge antena. Ligi yenu ikiwa ya kulipia, linganisheni kifurushi cha TV cha mwezi na bei ya GB 24, mkizidisha kwa idadi ya simu zenu. Na fundi asilipwe mpaka picha itulie mbele ya macho yenu.