Kilo 350 za Kirikuu na Bei ya Tripu
Wauza saruji na nyanya wa Dar es Salaam huijua kirikuu kwa bei ya tripu kabla ya kuijua kwa uzito, ingawa gari hilo dogo la injini ya sisi 660, linaloagizwa Japani likiwa limekwisha kutumika, mara nyingi hufika likiwa bado na maandishi ya Kijapani nyuma ya bodi yanayotaja kilo 350. Hicho ndicho kiwango cha juu cha mzigo kwa magari ya daraja hilo huko yalikotengenezwa, nacho ni sawa na mifuko 7 ya saruji ya kilo 50, bila hata mmoja wa nyongeza.

Kiwango cha mzigo ni kile kinachobaki pale uzito wa gari tupu unapotolewa katika uzito wa juu ulioidhinishwa na mtengenezaji, isipokuwa hesabu ya watu hutofautiana. Kanuni za Japani huwahesabu kando kwa kilo 55 kila mmoja, ilhali pikapu zinazoitwa za tani moja kwa kawaida huwajumuisha humo humo, hivyo dabo kebini yenye watu 5 wa kilo 75 imekwisha kula kilo 375 kabla ya gunia la kwanza kupandishwa.

Mwenye kirikuu mmoja anayebebea maduka ya vifaa vya ujenzi analalamika kuwa mteja hulipa kwa tripu na si kwa kilo, kwamba anayenunua mifuko 20 hutaka ifike kwa mkupuo mmoja, na kwamba yeye akikataa, aliyeegesha nyuma yake hukubali papo hapo. Kuufuata uzito wa Japani, kwa maelezo yake, ni safari 3 na mafuta ya safari 3 kwa malipo ya safari 1, ndiyo maana alimwendea fundi akaongezewa majani ya springi za nyuma, na sasa gari haliketi hata likibeba tani nzima.

Hesabu yake ya fedha haina kosa, lakini springi hubadilisha tu namna gari linavyosimama. Breki, ekseli, beringi na tairi hubaki zile zile zilizokusudiwa kilo 350, na mzigo ukirundikwa nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele hupungukiwa uzito na usukani ukawa mwepesi kwa namna ya hatari.

Afisa mmoja wa mizani anasisitiza kuwa uzito umedhibitiwa, akitaja sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Kauli hiyo inayafaa malori, kwa kuwa wanaolazimika kupita mizani ni wenye magari ya kuanzia tani 3.5, na kirikuu yenye tani nzima ya saruji haifikii hata tani 2. Sheria hiyo hulinda lami, ambayo uharibifu wake hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Utingo aliyeketi juu ya mifuko hayumo katika hesabu hiyo, wala mwenda kwa miguu aliye mbele ya breki zilizochoka.

Huenda nauli ya kilo ikawezekana kwa saruji au maji, ambayo lita 1 ni kilo 1, ila kwa matenga ya nyanya yasiyopimwa matumaini ni madogo, na kwa sasa anayeshika kilo 350 ndiye anayekosa mzigo.